Bolti Ikikatika Mara ya Tatu

Bolti ile ile ikikatika mara ya tatu, acha kununua bolti. Najua ni ushauri mgumu kumpa mtu aliye kando ya mto Gura mwezi wa Februari, kabeji zake zinanyauka huko juu na pampu imenyamaza. Haraka inamsukuma apande bodaboda hadi Karatina, aombe bolti "ngumu zaidi", arudi, afunge, awashe. Maji yanapanda. Baada ya siku chache kichwa cha bolti kinaokotwa kwenye matope, na fundi anatoa hukumu kwamba bolti za siku hizi ni feki.

Feki zipo. Lakini bolti feki haichagui tundu. Kama pampu imefungwa kwa bolti nne za pakiti moja, na kila mara inayokatika ni ile ya chini upande wa mto, basi kuna jambo linaloendelea chini upande wa mto, na hakuna duka la vifaa linaloliuzia dawa. Ninazungumzia pampu tunazozijua Mukurweini: injini ya dizeli au petroli, pampu ya impela inayozungushwa kwa mkanda au kwa shafti, zote juu ya fremu moja bondeni, zikisukuma maji hadi tangi la shamba au la kiwanda cha kahawa kilichoko kilimani.

Anza kwa kuokota vipande. Kile kilichobaki tunduni na kichwa kilichodondoka vimebeba habari karibu yote, na watu wengi huvitupa majini kwa hasira. Vipanguse kwa petroli na kitambaa. Usivisugue kwa brashi ya chuma, wala usijaribu kuvikutanisha uone kama vinalingana, maana kuvisuguanisha kunafuta kile unachotaka kukisoma. Kisha toka navyo juani, utazame uso wa mkato.

Mara nyingi utaona sehemu mbili. Moja ni laini, imefifia, pengine imeshaanza kushika kutu, na ukiigeuzageuza kwenye mwanga unaona mistari myembamba iliyopinda, yote ikianzia kwenye ukingo mmoja wa bolti. Ya pili imekwaruza, ina chembechembe zinazong'aa. Maana yake ni kwamba bolti haikukatika siku ile uliyoiona imekatika. Ufa ulianzia kwenye ule ukingo siku nyingi nyuma, ukasogea kidogo kidogo kila injini ilipowashwa, hadi nyama iliyobaki ikashindwa kushika. Ile sehemu ya chembechembe ndiyo nyama ya mwisho. Ikiwa ni ndogo, robo tu ya uso mzima, jua kwamba mzigo wenyewe ulikuwa mwepesi, ila ulirudiwarudiwa. Na ukingo ulikoanzia ufa unakuonyesha upande ambao bolti ilikuwa ikikunjwa kutokea.

Alama nyingine zipo. Uso ulio wa chembechembe wote, bila sehemu laini, ni pigo moja: jiwe limeingia kwenye impela, au mtu amegonga fremu kwa nyundo. Shingo iliyokonda karibu na mkato ni ya fundi aliyekaza kupita kiasi. "Mzee, nimeikaza mpaka imelia," atakuambia kwa fahari, na huenda kilio hicho kilikuwa cha bolti kuvutika. Mkato uliolala bapa, chuma chake kikiwa kimeburutwa kuelekea upande mmoja, unasema kwamba pampu iliteleza juu ya fremu na kuikata bolti kama kwa mkasi. Lakini kwa pampu inayorudia kosa lile lile, tegemea kuona ile ya kwanza, yenye mistari.

Ugonjwa huo wa chuma kuchoka ulichunguzwa na mhandisi wa reli wa Kijerumani, August Wöhler, katika miaka ya 1850 na 1860. Ekseli za mabehewa zilikuwa zikikatika ingawa hazikubebeshwa mzigo uliozidi, naye akaonyesha kwamba chuma kinachokunjwa na kukunjuliwa mara nyingi hukatika kwa nguvu ndogo kabisa kuliko ile ya kukivunja kwa mara moja. Sasa piga hesabu ya bondeni kwetu. Injini ya dizeli inayokwenda mizunguko 1,500 kwa dakika inazunguka mara 90,000 kwa saa. Ukimwagilia asubuhi mbili tatu, jumla ya saa kumi na moja na kitu, bolti imetikiswa mara milioni moja. Pampu ndogo za petroli hukimbia zaidi ya mara mbili ya hapo.

Sasa mbona bolti nyingine hukaa miaka kumi kwenye injini hiyo hiyo bila kukatika? Kwa sababu zimekaza. Hapa ndipo mafundi wetu wengi, hata wenye mikono mizuri, huelewa mambo kinyume: hudhani bolti hukatika kwa sababu imebanwa sana, kumbe inayokatika kwa uchovu karibu kila mara ni ile iliyolegea. Fikiria ule mpira wa kufungia kreti kwenye bodaboda. Ukivutwa sawasawa, kreti na kiti vinakuwa kitu kimoja, na barabara ya Gakindu ikirusha pikipiki, mpira wenyewe hauhisi mengi. Ukifungwa ukiwa umelegea, kreti inaruka na kila shimo linauvuta mpira kwa kishindo. Bolti ya milimita kumi, gredi 8.8, ikikazwa ipasavyo inabana kwa nguvu ya karibu tani mbili na nusu. Pampu ikitikisika kwa kilo mia mbili, mtikiso unamezwa na msuguano wa vyuma vilivyobanana, na bolti inapata sehemu ndogo tu. Kubana kukipungua, vyuma vinaanza kuachana na kukutana, na mtikiso wote unahamia kwenye bolti.

Kwa hiyo swali la kuuliza ni kwa nini inalegea, au kwa nini haikuwahi kubana tangu mwanzo.

Kutowahi kubana kuna sababu za aibu kidogo. Iliyo maarufu kuliko zote ni bolti ndefu kuliko tundu lake. Inaingia, inafika chini, inagota, spana inakataa kuendelea, na fundi anaridhika. Kumbe imebana sakafu ya tundu na pampu iko huru. Chukua kijiti chembamba, pima kina cha tundu, ulinganishe na urefu wa bolti ukiondoa unene wa sikio la pampu na washa. Sababu ya pili ni vitu laini vilivyowekwa katikati: gasketi iliyokatwa kwenye tyubu ya gari, rangi ya mafuta iliyopakwa tabaka tatu chini ya kichwa cha bolti, au pampu iliyokalia ubao. Vyote hivyo hukubali kubanwa leo na kusinyaa kesho. Mpira wa tyubu unafaa manati. Tumia karatasi nyembamba ya gasketi, kwangua rangi mahali chuma kinapokutana na chuma, na ubao wa mkaratusi uliokatwa mbichi usiwe msingi wa injini kamwe.

Washa ya springi nayo tumeiamini bure. Mwaka 1969 Mjerumani mwingine, Gerhard Junker, alionyesha kwa mashine ya majaribio kwamba kinachofungua bolti hasa ni mtikiso wa kuteleza kwenda kando, na chini ya mtikiso wa namna hiyo washa ya springi haisaidii kitu cha maana. Washa bapa iliyo ngumu, bolti iliyokazwa kwa kipimo na tone la gundi ya kufungia meno vinafanya kazi bora. Nati yenye pete ya nailoni ni nzuri pia, ila usiifunge karibu na bomba la moshi, kwani nailoni haipendi joto.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo katika eneo letu la migongo na mabonde naliona kuwa mshukiwa mkuu, nalo ni bomba. Ukishuka kuelekea Gura au Sagana utakuta pampu nyingi zimefungwa bomba la chuma la inchi mbili moja kwa moja mdomoni, bomba linapanda mlima bila nguzo, bila kamba, bila jiwe chini yake. Mita sita za bomba hilo, pamoja na maji yaliyomo, zina uzito wa karibu kilo 40, na zote zimening'inia kwenye pampu. Hapo injini bado haijawashwa. Tangi likiwa mita 60 juu ya mto, maji yanasukuma kila sentimita mraba kwa kilo sita. Tundu la bomba la inchi mbili lina sentimita mraba ishirini na mbili hivi, kwa hiyo kwenye kona ya kwanza isiyoshikiliwa kuna msukumo wa zaidi ya kilo 120 unaotaka kulinyoosha bomba. Nani anauzuia? Zile bolti nne.

Kisha injini inazimwa. Maji yaliyokuwa yakipanda yanasita, yanageuka, yanaporomoka, na vali ya kuzuia maji kurudi inafunga kwa kishindo. Mrusi Nikolai Joukowsky alichapisha hesabu ya kishindo hicho mwaka 1898 baada ya majaribio kwenye mabomba ya maji ya Moscow. Maji yaliyokuwa yakienda mita moja na nusu kwa sekunde kwenye bomba la chuma, yakisimamishwa ghafla, yanaweza kuongeza shinikizo sawa na kimo cha mita 150 na zaidi juu ya lile lililokuwapo. Bomba la plastiki ni pole kidogo kwa sababu linatanuka. Ukisikia "do!" kwenye bomba kila unapozima, umesikia nyundo inayopiga bolti zako.

Dawa yake ni rahisi kuliko bolti za mwaka mzima. Simika nguzo mbili za chuma au za zege, moja hatua moja kutoka kwenye pampu na nyingine kwenye kona ya kwanza, ulifunge bomba hapo kwa kishikio. Weka kipande kifupi cha hosi ngumu ya shinikizo kati ya pampu na bomba ili mtikiso usivuke, lakini bomba lishikiliwe kwanza. Hosi bila nguzo inaongeza tatizo, kwa kuwa maji yataisukuma pampu upande mmoja na bomba upande mwingine. Upande wa kunyonya nao ushikiliwe, hasa kama futivalvu imezama kwenye mkondo wenye nguvu na mto unaivuta hosi mchana kutwa. Halafu mfundishe kijana anayewasha pampu kuzima kwa utaratibu: apunguze mafuta polepole, afunge geti valvu taratibu, ndipo azime. Pampu ya impela haidhuriki kwa dakika moja ya geti kufungwa. Jaribio la kujua kama bomba lina hatia halihitaji chombo. Legeza bolti za mdomo wa pampu injini ikiwa imezimwa na bomba limemwagwa maji. Bomba likiruka pembeni hata unene wa kidole, au ukalazimika kulivuta kwa mtaimbo ili matundu yakutane tena, umempata mkosaji.

Baada ya bomba, tazama miguu. Bolti zote zikiwa zimekazwa, legeza moja tu huku umeweka kidole kwenye maungio ya mguu na fremu. Mguu ukiinuka, fremu haiko sawa, na ulikuwa ukiikunja pampu kila ulipoikaza. Jaza nafasi hiyo kwa kibati cha unene unaofaa, usijaze kwa kukaza. Kisha mkanda. Weka ubao ulionyooka kwenye nyuso za puli mbili, uguse sehemu nne. Kwenye mkanda wenye sentimita 60 kati ya puli na puli, kidole gumba kikibonyeza kwa nguvu ya kawaida kizame karibu sentimita moja. Tumezoea kuuvuta mkanda mpaka uimbe, na mkanda unaoimba unakula beringi na kuipinda pampu kuelekea injini. Shika shafti ya pampu uitikise juu na chini; ikicheza, beringi imekwisha, na mchanga wa mto utakuwa umeshalamba impela upande mmoja. Impela isiyo na uzito sawa pande zote itakata bolti hata ukisawazisha kila kitu kingine.

Kuhusu bolti zenyewe, soma kichwa. Iliyoandikwa 8.8 inatakiwa kuhimili megapaskali 800 kabla ya kukatika, 4.6 ni nusu yake. Kichwa chochote kisicho na maandishi kihesabu kuwa dhaifu. Ya 8.8 inatosha kabisa kwa pampu hizi, na ukiona 12.9 imekatika pia, duka limekuchukulia pesa bure. Kipimo cha kukaza: ya milimita nane, ile ya spana 13, karibu mita-nyutoni 25, yaani kuvuta kilo 17 kwenye ncha ya spana ya sentimita 15; ya milimita kumi, spana 17, karibu 50, yaani kilo 20 kwenye spana ya sentimita 25. Hizo ni za 8.8 ndani ya chuma. Ukiingia kwenye alumini punguza, na hakikisha meno yaliyoingia yana kina cha mara moja na nusu hadi mara mbili ya unene wa bolti.

Kuna mtego mmoja wa meno ambao umewaliza wengi. Bolti ya inchi tatu kwa nane inaingia kwenye tundu la milimita kumi. Inacheza kidogo, inaingia mizunguko kadhaa, kisha inakaza, na mtu anadhani imekaza kwa sababu imefika. Kumbe meno yake hayalingani, yanashikana kwenye ncha mbili tatu tu. Mchanganyiko huu ni wa kawaida kwetu kwa kuwa bado kuna injini za zamani aina ya Lister, zilizotengenezwa Dursley, Uingereza, na nakala zake za Kihindi kutoka Rajkot, zikifungwa kwenye pampu za Kichina za milimita. Lister za zamani zina meno ya Whitworth, kipimo cha tangu 1841. Usiamini jicho. Peleka dukani bolti nzima kutoka tundu la jirani, siyo iliyokatika, wajaribu nati juu yake kwa vidole. Nati ifike mwisho bila spana.

Kipande kilichobaki tunduni kitoe bila papara. Mwagia mafuta ya kupenya, ukiache usiku kucha. Kama kimechomoza, chomelea nati juu yake. Joto lenyewe litalegeza kutu. Kama kimekatikia ndani, piga alama katikati kabisa, utoboe kwa drili nyembamba, uongeze ukubwa taratibu. Kile chuma cha kung'olea kinachozungushwa kinyume ni kigumu lakini hukatika upesi, na kikikatikia humo ndani drili ya kawaida haikitoboi. Meno ya tundu yakiharibika, karakana nzuri za Nyeri au Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, zinaweza kutoboa upya na kutia koili ya chuma yenye meno mapya, ambayo kwenye alumini huwa imara kuliko ya kwanza.

Msomaji wa Lamu au Vanga mwenye pampu ya maji chumvi kwenye injini ya mashua afuate njia hiyo hiyo, akiongeza mawili. Bolti ya chuma kisichoshika kutu ndani ya alumini huila alumini kukiwa na maji ya bahari, kwa hiyo ipake grisi ya kuzuia kutu kabla ya kuifunga. Pia bolti zinazopenya hadi kwenye njia ya maji zipakwe gundi ya kuziba, la sivyo chumvi hupanda kwenye meno na kuanza kazi yake gizani. Vinginevyo mshukiwa ni yule yule: kishikio cha pampu kinachotikisika na mkanda uliovutwa kupita kiasi.

Ukishafunga upya, badilisha bolti zote nne, hata zile zilizoonekana nzima, kwa maana zilibeba mzigo wa mwenzao na huenda zina ufa. Kaza kwa msalaba, nusu nguvu kwanza, kisha nguvu kamili. Chora mstari wa rangi nyeupe kutoka kichwa cha bolti hadi kwenye mwili wa pampu. Endesha nusu saa, zima, acha ipoe, ukaze tena kwa kipimo kile kile. Kuanzia hapo anayekwenda kuwasha asubuhi ataona kwa jicho tu kama mstari umevunjika, na mstari ukivunjika kwenye bolti moja ile ile, arudi kwenye bomba na miguu kabla ya kugusa spana.

Na kama katika kukagua umekuta sikio la pampu lenyewe limepasuka, usimruhusu mtu alichomelee kwa fimbo ya kawaida ya geti na madirisha. Chuma cha kusubu kinataka fimbo yake maalumu, kupashwa moto polepole na kupoozwa polepole, la sivyo hupasuka kando ya mchomeleo. Asiyekuwa na fundi wa kazi hiyo anunue mwili wa pampu mwingine, na nguzo za bomba azisimike kabla haujafika.